Kitanda cha Babu Kisogezwe Dirishani

Wanangu,

Nimeenda kwenye zile mbio ndefu za kuhamasisha watu wawatunze vizuri wagonjwa walio mwishoni mwa maisha, kama Babu yenu. Mpeni dawa ya maumivu saa nne. Msingoje aombe, ana kiburi.

Asubuhi kaniona na bukta, kacheka mpaka kakohoa. "Mgonjwa wa kufa ni mimi, lakini wewe utanitangulia!" Na huyo ndiye baba aliyenizaa! Nimeondoka nimenuna, hata chai sikunywa.

~~Kitanda chake kiacheni kilipo.~~ Kisogezeni dirishani, mbio zinapita hapo nje. Mkiniona natembea, fungeni pazia kwanza, asinione.

Ameapa hafi mpaka anione nikipita. Basi msishangae nikiwa wa mwisho. Sina haraka.

Mama