Meza Imeenea, Fimbo Haikupimwa

Shoga, acha unachofanya usome hapa.

Meza ya pool ya mume wangu imefika. Ya jiwe, imebebwa na wanaume sita. Sebule aliipima mwenyewe wiki nzima, na kweli meza imeenea.

Meza. Fimbo hakuipima.

Fimbo, shoga. Akivuta mkono nyuma apige, kitako cha fimbo kinagonga mlango wa chumba cha mama yangu. Mama anaitikia, "Karibu." Mara nne.

Fundi kaweka pimamaji, kasema, "Meza imekaa sawa, bosi. Nyumba ndiyo haijakaa sawa."

Nikadhani mume wangu ataona haya. Wapi. Akauliza, "Huu ukuta unabomoleka?"

Akapiga tena, mlango ukagongwa. Safari hii mama hakuitikia. Nilisikia ufunguo ukizungushwa kwa ndani, akijifungia.