Kovu Namba Kumi na Tisa

Jumanne, 10 Juni

Damu ya leo nyepesi mno. Nimechemsha rozela mara mbili, nikaongeza sukari, bado inatiririka kama chai. Kijiko kimoja cha unga wa ngano, ikakaa. Kahawa kidogo kwa damu inayotakiwa kuonekana ya jana.

Baridi kali. Ukungu hadi saa nne. Vaseline iliganda, nikatembea nayo kwapani kutoka nyumbani hadi studio ili ilainike.

Vidonda vinne leo. Mbwa kwenye kigimbi, msumari unyayoni, chupa kiganjani, kisu begani. Vyote juu ya Zuhura, mwigizaji wetu, ambaye anaweza kukaa bila kujikuna kwa saa nzima. Orodha ina vidonda thelathini na si vya filamu yoyote. Godlisten, mwongozaji na mwenye kampuni, anasema ni kumbukumbu. Amemleta fundi wa kompyuta kutoka Dar, anaitwa Kelvin. Kila nikimaliza kidonda, Kelvin anakizunguka na kamera. Juu, chini, taa kulia, taa kushoto.

Miaka kumi na sita nafanya kazi hii na kila kidonda changu kimeishia kwenye beseni. Leo kwa mara ya kwanza mtu anataka kubaki nacho. Nimefurahi. Naandika hivyo hivyo, nimefurahi.

Jumatano, 11 Juni

Vitano. Kelvin ni mpole, anasema asante kila baada ya picha. Aliniuliza nilianzaje.

Nikamwambia. Nilikuwa mhudumu wa zahanati miaka kumi na miwili, kazi yangu kusafisha vidonda. Wakaja watu wa kwaya wanatengeneza filamu ya mlevi aliyepigwa. Walikuwa wamempaka mlevi wao sosi ya nyanya. Nzi wakamjaa, akakimbia na filamu ikaishia hapo. Nikawaambia nipeni unga wa ngano na nusu saa. Tangu siku hiyo naitwa Mama Vidonda, na sokoni wapo wanaonitazama mikono kabla ya kupokea chenji yangu.

Nikamsimulia na yaliyofuata. Mrija wa dripu chini ya shati, sirinji mkononi mwangu, risasi ikipigwa mimi ndiye nasukuma damu. Mlipuko wa bomu kwa unga wa sembe na pampu ya baiskeli, tukatoka wote weupe kama maandazi mabichi. Halafu ukaja moto wa kompyuta. Nyumba inaungua, na mbuzi anapita katikati ya moto anatafuna majani. Ukumbi mzima hapa Daraja Mbili ulicheka mpaka filamu ikasimamishwa.

Kelvin anasema siku hizo zimepita. Akanionyesha Mlima Meru wake kwenye skrini. Una theluji kileleni, nene, imeshuka hadi mabegani kama ya jirani yake. Nikamuuliza theluji hiyo kaitoa wapi, Meru wetu hauna. Anasema mashine iliweka yenyewe na wakubwa wa Dar wakaupitisha. Nilicheka hadi mbavu zikauma.

Nilicheka mapema.

Alhamisi, 12 Juni

Mchana Kelvin aliniita nione kitu kizuri. Kwenye skrini, Zuhura. Shavuni ana kidonda cha mbwa.

Sijawahi kumwekea Zuhura kidonda cha mbwa shavuni. Nilimwekea kwenye kigimbi, Jumanne. Lakini kidonda ni changu. Mkono wangu huinua ukingo wa kushoto zaidi ya wa kulia, sijui kwa nini, nimejaribu kuacha nimeshindwa. Ukingo wa kushoto ulikuwa umeinuka. Zuhura wa kwenye skrini akatabasamu na kidonda kikatabasamu naye.

Nikauliza nani amekitengeneza. Kelvin akasema mashine. Imejifunza kutoka kwenye picha za wiki hii. Ikimaliza thelathini itaweza kuweka kidonda chochote, kwa mtu yeyote, bila gundi wala kusubiri. Akaona uso wangu.

"Anti, mimi nilidhani umeambiwa."

Sikuambiwa. Nimekuwa nikiilisha kwa mkono wangu mwenyewe, huku nikisema karibu tena. Nina hasira. Nimerudi nyumbani nikaosha brashi mara tatu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemfuata Godlisten ofisini kwake kabla hajanywa chai. Huyu nimemjua akibeba nyaya. Hakukataa. Anasema filamu inayofuata haitahitaji mtu wa vidonda, na hata yeye si yeye anayeamua, wanunuzi wanataka kazi ya haraka na ulimwengu hausubiri mtu achemshe rozela. Akanionyesha karatasi yenye saini yangu. Niliisaini mwezi wa tano nikiwa na gundi vidoleni, bila kuisoma. Ujinga wangu huo, siupeleki kwa mtu.

Inasema thelathini. Inasema kampuni itavitumia itakavyo. Jina langu haliko popote isipokuwa kwenye saini.

Halafu akaniambia, kwa sauti ya kunibembeleza, kwamba hata akikosa vingine vyote anataka namba kumi na tisa. Kovu la moto, uso, mwanamke. Lile la filamu ya mjane, miaka tisa iliyopita. Watu bado wanamsimamisha barabarani wanamuuliza habari za kovu lile. Anataka mashine ilijue vizuri.

Nilitoka bila kuaga. Godlisten hajui, na hakuna anayejua isipokuwa Zuhura aliyelivaa. Kovu lile sikulibuni. Ni la mama yangu.

Nimetengeneza viwili tu leo. Mikono mizito.

Jumamosi, 14 Juni

Leo nimeharibu kwa makusudi.

Namba kumi na sita, panga mkononi. Panga hukata safi, nimekipa kingo zilizochanika kama cha fisi. Kumi na saba, kidonda cha wiki mbili, nimekimwagia damu mbichi. Kumi na nane, jipu, nimeliweka mahali ambapo jipu haliwezi kuota hata kwa uchawi. Kelvin akavizunguka vyote, asante, asante, asante. Hakuona kitu. Mashine nayo haitaona. Itakwenda duniani inafundisha watu panga la fisi, na siku moja muuguzi mmoja ataangua kicheko mbele ya televisheni.

Nilifurahi sana, hadi Zuhura alipoutazama mkono wake wakati namwosha.

"Dada Ndeshi, hiki si chako."

Nikaona aibu, na hasira juu ya aibu. Tangu lini kazi mbovu imetoka mikononi mwangu?

Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada nimekwenda Kikwe kwa mama. Nimemkuta anachambua maharage mlangoni, upande wa kovu umegeuzwa ndani ya nyumba kama kawaida yake. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikachambua naye.

Kovu hilo lilitokana na mimi. Nilikuwa na miaka mitatu, nikavuta jiko la mafuta ya taa lililokuwa juu ya meza. Mama aliwahi kulipokea, likamwakia usoni. Hakuwahi kunitajia. Nilisimuliwa na shangazi nikiwa darasa la sita. Nilipotaka kulitumia kwenye filamu ya mjane nilikuja kumwomba, hapa hapa mlangoni, nikiogopa. Aliugeuza uso upande wa mwanga, akaniachia nipime kwa vidole mchana kutwa. Filamu ilipoonyeshwa kanisani alikwenda na majirani. Aliporudi alisema nimemtengeneza vizuri, ila sikio nimelikosea.

Leo nimemweleza habari za mashine. Nilidhani itachukua muda. Haikuchukua. Aliuliza mambo mawili tu. Kama kovu lake litawekwa kwa watu asiowajua, nikasema ndiyo. Kama litaweza kuwekwa kwa mtu wa kuchekwa, au mchawi, nikasema ndiyo, kwa yeyote.

"Nilikupa wewe," akasema. "Sikuligawa."

Nikamwambia pia habari ya panga la fisi. Nilitarajia acheke. Akaacha maharage.

"Hayo kayafute. Ukifanya vibaya umefanya vibaya wewe, siyo hilo lidude lao."

Nimerudi na mfuko wa maharage na kichwa changu kimetulia. Najua la kufanya. Ninaogopa, lakini najua.

Jumatatu, 16 Juni

Niandike haraka kabla sijaanza kujisifu.

Asubuhi nilimwambia Kelvin afute kumi na sita, kumi na saba na kumi na nane. Nikamweleza kasoro zake moja moja. Nikavifanya upya, sawasawa. Kile cha panga ni kizuri kuliko vyote vya wiki iliyopita. Wakibebe. Wakiiba, waibe kazi njema.

Saa nane wakapanga taa kwa ajili ya namba kumi na tisa. Zuhura amekaa, uso umesafishwa. Godlisten mwenyewe amekuja kusimamia. Nikafunga sanduku langu.

Nikasema hili halimo. Akasema karatasi inasema thelathini. Nikasema karatasi inasema vidonda vyangu, na hiki si changu, kina mwenyewe, na mwenyewe amekataa. Akafikiri natafuta nyongeza. Akataja nyongeza. Nikatikisa kichwa. Basi akaacha kubembeleza. Akasema nikitoka pale sitafanya kazi kwenye filamu yake tena, na atawaambia wenzake, na mji huu ni mdogo. Na kwamba anayo filamu ya mjane, anaweza kulitoa kovu humo bila mimi.

Nikamuuliza kwa nini basi hajalitoa.

Kelvin ndiye aliyejibu, akitazama chini. Filamu ile ilipigwa kwa taa ya chemli. Zuhura amegeuka upande kila mahali. Kovu limo gizani, mashine hailipati.

"Basi libaki humo," nikasema.

Nikanyanyua sanduku. Mlangoni nikageuka, nikamwambia Godlisten kwamba hivyo kumi na nane anavyobaki navyo vina jina la aliyevitengeneza, aliandike asiliandike. Zuhura akasimama, akavaa ushungi wake, akatoka nyuma yangu. Sikumwomba. Tulikunywa chai kwa mama ntilie.

Sina kazi. Sijutii. Nitaandika tena kesho kama bado sijutii.

Jumanne, 17 Juni

Bado.

Ijumaa, 20 Juni

Zuhura alirudi studio Jumatano. Ana watoto watatu, nilimwambia arudi, na namaanisha. Leo amekuja kunisimulia.

Wamemwekea kovu la moto kutoka mahali pengine, mashine imeokota huko inakookota. Anasema linang'aa kama soseji. Anasema akiongea, mdomo wake unakwenda na kovu linabaki. La mama linavuta pembe ya mdomo, na akicheka jicho la kulia hutangulia kufumba. Godlisten aliangalia mara nne, akasema inatosha, watu hawataona.

Zuhura alitaka nifurahi. Nilifurahi kidogo, kisha ikaisha. Sijidanganyi. Mwaka kesho itajua kuvuta mdomo. Mwaka wa tatu itajua na jicho. Nimeona moto wa mbuzi na nimeona tabasamu la Alhamisi ile, najua mwendo wake. Watoto wanaozaliwa leo wataona filamu ambazo hakuna mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti akapakwa kitu chochote, na watazipenda, na huenda zitakuwa nzuri.

Sawa. Lakini itakapojua, haitakuwa imejulia kwangu. Huo ndio mpaka wangu. Ni mdogo, na nimesimama juu yake kwa miguu yote miwili.

Wanafunzi wa uuguzi wameniulizia, wanataka majeraha ya kufanyia mazoezi. Nimekubali. Hao angalau watayashika kwa mikono.

Jumamosi, 28 Juni

Kikwe. Hakuna upepo, jua dogo.

Mama alikuwa anafikiria jambo, nilimwona. Tulipomaliza uji akauliza kama ile mashine ingeweza pia kuliondoa kovu. Nikasema ingeweza, kwa dakika moja.

"Na wewe?"

"Mimi nusu siku."

"Basi mimi nina nusu siku."

Nikatoa sanduku. Sijawahi kufanya kazi hiyo kinyumenyume. Nta nyembamba kwenye mabonde, tabaka kwa tabaka, rangi tatu kabla sijaipata ngozi yake. Alifumba macho, alikuwa anapumua kama aliyelala. Pembe ya mdomo sikuiweza, imevutwa kutoka ndani, nikaiacha. Nilipomaliza nilikuwa namtazama mwanamke ambaye nilimwona mara ya mwisho nikiwa na miaka mitatu na simkumbuki.

Nililia. Naandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nikampa kioo. Alijitazama muda mrefu. Akasema kumbe amefanana na dada yake wa Oldonyo Sambu, na hilo hakulipenda sana. Kisha akajifunga kitenge, akatoka, akaenda kwa jirani kuomba chumvi ambayo tunayo. Nilimfuata kwa macho nikiwa mlangoni. Jirani, ambaye yeye na mama wamezikiana wafu na kuozeshana watoto miaka thelathini, alitoka jikoni akifuta mikono, akamwamkia kama mgeni, akamkaribisha kiti. Mama akakaa. Akakubali kuwa mgeni, sijui kwa dakika ngapi, mikono juu ya magoti. Halafu akacheka, jicho la kulia likatangulia kufumba, na jirani akashika kichwa.

Alirudi na chumvi kwenye kipande cha gazeti. Akakaa kwenye kigoda, akaugeuza uso wake kwangu mimi, upande wa mwanga.

"Nioshe sasa," akasema.

Nikapasha maji, nikamwosha taratibu hadi likatokea lote. Sikupiga picha.