Mzee Amekataa Ndege

Jumatatu, 9 Juni

Binti amepiga simu. Daktari bingwa wa macho amepatikana! Anakuja hospitali anakofanya kazi Binti mara moja tu kwa mwaka, na jina la baba yake limeingia kwenye orodha: Ijumaa, saa nane mchana. Jicho la kushoto haliwezi kungoja mwaka mwingine, anasema. Tiketi mbili za ndege ameshazituma kwenye simu yangu. Saa moja na nusu tu angani, mama, hata kusinzia hutawahi.

Nikampa Mzee habari. Akamaliza chai yake, akafuta midomo. Kisha: yeye ndege hapandi.

— Unaogopa?

— Niogope nini? Miaka thelathini na moja nimeendesha treni.

— Basi twende.

— Nitakwenda. Kwa treni.

Siku mbili njiani! Nikamwambia jicho ni lako, na kichwa kigumu ni chako pia. Akasema haraka haraka haina baraka. Nikasema ngoja ngoja huumiza matumbo.

Jumanne, 10 Juni

Nimeshindwa. Binti amelia kwenye simu, mimi nimefoka, jirani ameitwa kusuluhisha — Mzee ng'o! Tiketi za ndege zimerudishwa. Treni inaondoka kesho saa mbili asubuhi, inafika Alhamisi jioni. Ikifika.

Nimechemsha mayai kumi na mawili. Nimebeba koti la mwalimu mkuu, bado vifungo, nitashonea njiani. Na hili daftari la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma ni tupu. Nisipoandika nitapasuka.

Asubuhi nilimwomba anitungie uzi kwenye sindano. Ni kazi yake tangu tuoane, macho yangu ya karibu hayajawahi kufaa. Akasema ana haraka. Haraka ya nini, mstaafu mzima?

Jumatano, 11 Juni

Ndani ya treni. Viti vinne, meza ndogo, dirisha linalofunguka nusu. Mzee kabla ya kupanda aliligonga behewa kwa kidole, kama mtu anayebisha hodi. Mkagua tiketi alipofika alisomewa kanuni za breki mpaka akasahau kukagua tiketi zetu.

Ikapigwa honi, tukaondoka. Mzee akasonya. Hiyo honi hiyo? Hiyo ni mbuzi amebanwa na mlango!

Yeye alikuwa na yake. Mbili ndefu, moja fupi, kila akipita nyuma ya nyumba yetu. Nikiisikia naweka birika jikoni, dakika arobaini baadaye mtu yuko mlangoni. Majirani walikuwa wananitania: haya, mumeo huyo anaita. Aliandikiwa barua mbili za onyo kwa sababu ya honi ile. Amezitunza kabatini pamoja na vyeti vyake.

Mchana. Mzee amegeuka mwenyeji wa reli. Amekaa dirishani anawaonyesha watu njia, na watu wamejaa mpaka mlangoni. Sasa tunaingia kwenye kona, shikeni vikombe — kweli, kona! Sasa daraja — kweli, daraja! Mpishi wa shule anayekaa mbele yetu, mama mnene mwenye kicheko cha kutikisa meza, anampigia makofi.

Kisha akasema: haya, tazameni kulia, tangi la maji, jekundu, refu kuliko mti wowote.

Watu wakageuka kulia. Na mimi nikageuka. Hakuna tangi. Kuna kituo cha mafuta, na ukuta wenye tangazo la sabuni.

Watu wakaanza kutazamana. Mzee ametabasamu, kidole bado kiko dirishani. Sijui nini kilinipata. Nikasema kwa sauti: lile pale! Jekundu hasa! Mpishi akanitazama mimi, akatazama dirisha, akanitazama tena. Eeh, akasema, limekaa vizuri kweli. Mungu ambariki yule mama.

Watu walipotawanyika nikampa Mzee sindano na uzi. Nitungie. Akalamba uzi, akaupeleka. Pembeni. Akalamba tena. Pembeni. Mara ya tatu akajichoma kidole.

— Sindano za siku hizi hazina matundu, akasema.

Mpishi alicheka mpaka meza ikatikisika. Mimi sikucheka. Nikamsogelea, nikamuuliza kwa sauti ya chini: unaona nini? Akafuta damu kidoleni. Mwanga, akasema. Na vivuli. Kushoto hata hivyo vivuli hakuna. Tangu lini? Tangu mvua zile zilizopita.

Tangu mvua! Na amekuwa akijinyoa mwenyewe! Kumbe ndiyo yale makovu ya kidevu, na mimi nilikuwa nalaumu wembe!

Nikamuuliza basi kwa nini treni, mume wangu, wakati mtoto ameshakupa ndege. Akasema wakilipasua jicho likaharibika, anataka awe ameipita njia yake mara moja ya mwisho, hata kwa vivuli. Ndege itamwonyesha nini, mawingu?

Nimelia. Nimemwonea huruma, na pia nimetamani kumrushia yai. Uzi umetungwa na mpishi.

Alhamisi, 12 Juni

Tumesimama tangu saa kumi na mbili asubuhi. Treni ya mizigo imeharibika mbele yetu na reli ni moja. Nyasi kulia, nyasi kushoto. Ng'ombe mmoja amekuja kututazama, amechoka, ameondoka.

Saa tano. Dereva ameshuka kunyoosha miguu, akapitia behewani kwetu, na kumbe alifundishwa kazi na Mzee! Jitu la futi sita, kichwa kinagusa taa ya behewa, lakini sauti ikawa ya mtoto: shikamoo Mwalimu! Mzee akainuka kwa furaha, akanyoosha mkono, akamwambia mpishi wa shule: marahaba, marahaba — lo, umenenepa, kijana wangu!

Mpishi alinuna nusu dakika. Dereva akacheka, akasema Mwalimu utani hujaacha. Hakujua. Nikamwekea Mzee mkono begani nikamgeuza kidogo, kama mke anayemwekea mumewe kola vizuri. Wakaongea breki saa nzima.

Binti amepiga mara sita. Anauliza tuko wapi. Ningemjibu nini — kwenye nyasi?

Saa tisa na dakika kumi alasiri. Naandika saa kwa makusudi. Mzee amesema: nimekosea. Ningepanda ndege. Miaka thelathini na minane ya ndoa, neno hilo sijawahi kulisikia. Nilikuwa nimeshaliandalia jibu tangu nikiwa kigoli. Nimemmenyea yai. Hakula.

Ijumaa, 13 Juni

Saa tatu asubuhi. Tulianza kutembea jana jioni, lakini treni inakwenda kama bibi harusi. Bado mwendo wa saa tano, anasema mkagua tiketi. Piga hesabu: tunafika saa nane kamili stesheni, hospitali ni nusu saa zaidi. Binti anasema daktari anaita jina mara mbili, asiyeitika anarukwa, na jioni bingwa anaondoka.

Saa tatu na nusu. Tumesimama kituo kidogo, jengo moja na benchi moja. Mzee amesimama ghafla, amevaa kofia. Anakwenda kumuuliza dereva, yule mwanafunzi wake, kama amelala. Nikasema nakushika mkono. Akasema aliyekulia kwenye behewa haongozwi kwenye behewa. Nikamwona dirishani anakwenda, kiganja kinapapasa ubavu wa treni, midomo inahesabu milango.

Saa tatu na dakika arobaini. TUMEONDOKA! Mzee hajarudi!

Nimekimbia kutoka behewa hadi behewa. Nimegonga vyoo vyote, nimetukanwa na watu wawili waliokuwemo. Hayupo. Mkagua tiketi amekwenda mwisho wa treni na kurudi, hayupo. Nimemwambia simamisha treni, mume wangu amebaki kituoni! Akasema mama, atakuwa anatufuata kwa macho pale benchini, tutapiga simu. Kwa macho! Roho imenitoka. Sikumwambia. Nimeanza kufunga mizigo ili nishuke kituo kinachofuata, mpishi ananishika kiuno, Binti anapiga simu sipokei —

Honi.

Mbili ndefu. Moja fupi.

Nimekaa. Mkono wangu, nakuapia daftari, umekwenda moja kwa moja kwenye chupa ya chai.

— Umempata? mkagua tiketi akauliza.

— Nimempata.

— Yuko wapi?

— Mbele.

Akatabasamu, akasema alhamdulilahi, basi yuko salama. Salama! Nimecheka mpaka mbavu zimeniuma, na machozi juu. Mpishi akaanza kucheka naye. Halafu tukatazamana, maana yeye anajua ya tangi na ya sindano, na tukaacha kucheka wote wawili kwa pamoja.

Saa nne na robo. Nguzo zinapita mbio sana. Yai limeanguka mezani lenyewe. Mkagua tiketi anashika ukuta, anasema miaka yake yote hajaona treni hii ikikimbia hivi, ni dereva gani leo? Nimemwambia sijui, mimi ni fundi cherehani. Binti ametuma ujumbe: daktari ameanza, baba ni wa kumi na tatu, mko wapi? Nimemwandikia: tunakuja, baba yako anashughulika.

Honi tena. Mbili ndefu, moja fupi, hapa hakuna nyumba yoyote.

Chai imebaki ya kikombe kimoja. Mpishi ameomba, nimemnyima, hicho ni cha Mzee.