Kompyuta ya Milango Miwili

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima, kwa maana kwamba tunakula, tunalala na tunagombana kwa wakati wake. Mgongo wa Mama umetulia tangu alipobadilisha kiti cha cherehani. Mimi bado niko palepale kwenye duka la fotokopi. Mashine bado inatafuna karatasi za wateja na bosi bado ananilaumu mimi. Wewe hali yako? Na wifi yangu, kile kikohozi kimemwachia? Mpe pole, na mwambie lile gauni alilolisifu kwenye picha ni kazi ya Mama.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ipo. Lakini unaijua simu ya nyumba hii. Mama akiipokea anaweka sauti kubwa, Baba anachangia kutoka sebuleni, na kabla hujakata majirani wamekwisha kutoa maoni. Ninayotaka kukuambia hayafai sauti kubwa. Ila kwanza nitimize agizo nililotumwa. Baba anasema laptopu uliyotuletea ni mbovu. Kioo chake kinafifia, na anaomba ulete nyingine, au angalau kioo kingine. Agizo nimelifikisha. Sasa nikueleze yaliyotokea.

Ulipotuma kile kilaptopu chembamba kama daftari ulidhani umetuma zawadi. Ulituma vita. Mama alikikamata siku hiyohiyo, kwa sababu programu ya michoro ya mashine yake ya kutarizi inafanya kazi kwenye mfumo endeshi uliokuja nacho tu. Akaanza kuchora nembo za sweta za shule, na ukipita nyuma yake unaona maua, simba na vitabu vilivyofunguliwa vikizunguka kwenye kioo. Baba naye akakitaka kwa ajili ya mafumbo ya maneno anayotungia gazeti. Unajua tangu alipostaafu usahihishaji kule kiwandani kwa wapiga chapa, fumbo la kila wiki ndilo linalomfanya avae shati la vifungo asubuhi.

Tatizo ni kwamba Baba na ule mfumo wa Mama hawakuiva chungu kimoja. Siku ya kwanza tu mfumo ulimwandikia kwenye kioo kwamba unajisasisha, asizime kompyuta. Baba alisema hajawahi kupewa amri na kitu anachokilipia umeme mwenyewe. Akaenda kwa kinyozi, kinyozi akamwambia upo mfumo mwingine, wa bure, usio na kiherehere. Akarudi ameshaamua. Mama akasema atakayegusa mfumo wake atashonwa midomo.

Ndipo nilipokupigia, ukanishauri niweke yote miwili ndani ya laptopu moja, kila mmoja na sehemu yake ya diski. Ulisema ni kazi ya jioni moja. Hukuniambia kwamba ni kugawa urithi wenye mali wakiwa hai. Mama alitaka sehemu kubwa kwa kuwa simba wake ni wazito. Baba alitaka nusu kwa nusu na mpaka unaoonekana. Nilipomwambia kwamba akiwa upande wake ataweza kuona mafaili ya Mama, ila Mama hataweza kuona ya kwake, alifurahi kwa namna ambayo haikumpendeza Mama hata kidogo.

Siku ya kazi yenyewe, Mama alikaa kushoto kwangu na ule mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa. Baba alikaa kulia na kalamu yake nyekundu. Akaniamuru nisome kila sentensi ya kwenye kioo kwa sauti, wote tusikie, nami nikadhani anaendesha kikao. Tulipofika pale mashine inapouliza kama tufute diski yote au tuweke mfumo mpya kando ya ule wa zamani, Baba alinisimamisha ili kusahihisha sarufi ya swali. Kidole changu kilikuwa hewani, mkasi wa Mama ulikuwa hewani, naye Baba anaeleza kwa nini pale panahitaji mkato. Kaka, sijawahi kutoka jasho namna ile nikiwa nimekaa kitako. Mwishowe nikachagua "kando", mfumo ukaingia, na simba wa Mama wakatoka salama.

Kumbe kazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Sasa ukiiwasha laptopu, kabla ya kitu chochote inaleta kioo cheusi chenye mistari miwili ya herufi nyeupe ndogo, mstari mmoja kwa kila mfumo. Inakusubiri sekunde kumi. Usipochagua, inajifungulia wa juu, na wa juu ulikuwa wa Baba. Mama anaiwasha, anainuka kutafuta uzi, akirudi anakuta amepelekwa kwenye mafumbo. Alinikalia kooni mpaka nikaupandisha wake juu.

Basi ikawa zamu ya Baba. Kila asubuhi anaketi, anaiwasha, anabonyeza, na anatumbukia kwenye maua. Kwanza alisema Mama amenihonga gauni. Gauni nilishonewa, siwezi kukataa, lakini halikuhusiana. Halafu akasema mashine inabagua wastaafu. Nikaongeza muda wa kusubiri ukawa sekunde thelathini, akatumbukia vilevile. Mama alikuwa anainuka kwenye cherehani, anazima, anawasha upya, anamchagulia mfumo wake, kisha anarudi kukaa. Mimi nikaona ni kumringia tu, nikacheka peke yangu jikoni.

Baada ya hapo ndipo Baba alipotangaza kwamba kioo ni kibovu na herufi zinafifia. Nikakikagua. Kaka, kile kioo kinang'aa, hata alama za vidole za Mama unazisoma. Juzi nikasimama nyuma ya pazia la mlango nikamtazama akiwasha. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Kisha akageuza kichwa, akawa anatazama kwa pembe ya jicho, kama kuku anavyotazama punje. Vidole vikapapasa vitufe, vikapita kile cha mshale, vikarudi, vikabonyeza kingine. Maua yakafunguka. Baba akayafunga macho, akakaa vilevile na mikono magotini.

Sikucheka tena. Nilianza kukumbuka vitu. Kwamba siku ile alitaka nisome kwa sauti. Kwamba gazeti lilimrudishia fumbo kwa sababu maneno mawili yalipandana kwenye visanduku, na yeye akamlaumu mhariri. Kwamba zile kelele zao za jioni, Mama akisema "hapa umeandika hivi" na Baba akisema "haiwezekani, soma tena," miezi yote hii nilizihesabu kuwa ugomvi. Mama alikuwa anamsomea.

Jana Mama alikuja dukani kwetu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alingoja wateja waishe, akajifanya anachagua bahasha. Halafu akaniambia, "Ule mfumo wa baba yako uweke juu. Mimi ninaona."

Akaniachia bahasha moja mkononi akaenda zake, na ndiyo iliyobeba barua hii.

Kwa hiyo kaka, laptopu yako ni nzima. Baba ndiye anayepoteza macho. Yeye anajua, Mama anajua, na kila mmoja anamficha mwenzake kwa bidii. Mimi nami nimeingia kwenye kundi, maana aliponiuliza kama naona kioo kinavyofifia, nilijibu kwamba ndiyo, kinafifia kweli. Uso wake ulivyolegea kwa faraja, nilishindwa kurudisha maneno. Naogopa kwamba nimempa kisingizio cha kukaa nyumbani. Muuguzi wa macho anayekuja kutoa nakala dukani kwetu ameniambia yapo magonjwa ya namna hii yanayozuilika yakiwahiwa, na yasipowahiwa basi tena.

Mama akimwambia habari ya hospitali atanuna wiki nzima. Mimi ataniambia nikasahihishe fotokopi zangu. Lakini wewe ni fundi, na Baba anaheshimu utaratibu. Mwandikie kwamba umekubali kubadilisha kioo, ila watengenezaji hawakati kioo kipya mpaka wapate vipimo vya macho ya mtumiaji, vilivyogongwa muhuri na daktari. Tia istilahi nyingi. Wewe uliyewahi kumshawishi kwamba redio ilijivunja yenyewe hutashindwa na hili. Akifika kwa daktari, mengine tutajua hukohuko.

Msalimie wifi sana. Mama anakusalimu, na anauliza unakula nini. Baba anakusalimu na anasubiri kioo.

Mimi, mdogo wako wa fotokopi.

Nyongeza: Nilikuwa nakunja barua Baba akaingia na kalamu nyekundu. Si unajua hakuna barua inayotoka nyumba hii bila kupita mkononi mwake. Hata ile uliyomwandikia wifi wakati wa uchumba alikurudishia imejaa mistari myekundu. Nilishindwa kumnyima. Aliipeleka dirishani, akaisogeza karibu, akaiweka mbali, akapitisha ncha ya kalamu juu ya mistari polepole, ukurasa baada ya ukurasa, na ule unaoeleza habari za macho yake akaupitia pia. Mwishoni akanirudishia.

"Umeandika vizuri," akasema. "Hakuna kosa."

Tazama pembezoni, kaka. Hakuna alama nyekundu hata moja. Fanya haraka.