Vivimbe vya Bluu

Meru, 9 Machi 1997

Kwa Mzee Gichovi,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na mbuzi wanapata majani. Mimi sijambo, ila Mama amelazwa, figo zinamsumbua.

Naandika kwa sababu ya mikono yangu. Imeota vivimbe vidogo vya bluu, vinauma sana nikigusa maji baridi. Daktari alikata kimoja, akasema ni mishipa midogo ya damu, si saratani. Kisha akauliza, "Kwenu nani anavyo?"

Nikakumbuka mkono wako. Nilikuwa mdogo ulipotufukuza Kiritiri ukisema mimi si damu yako, lakini ile bluu sijaisahau. Daktari anasema mwilini kuna maagizo tunayorithi, na yangu yana kosa dogo ambalo mzazi humpitishia mtoto. Ni ugonjwa adimu. Mama hana hata kimoja.

Hatutaki shamba. Mwambie Mama tu kwamba hakukukosea.

Ni mimi,
Karwirwa

Kiritiri, 2 Aprili 1997

Karwirwa,

Salamu. Mimi mzima. Watu wengi wana vivimbe. Mambo ya zamani tuyaache. Mama yako apone.

Gichovi

Meru, 11 Aprili 1997

Mzee,

Hatujambo kiasi. Nilimsomea Mama barua yako. Alisikiliza, akauliza, "Ni hayo tu?" Nikamdanganya kwamba karatasi ilikwisha. Tafadhali andika nyingine, upesi.

Karwirwa

Kiritiri, 20 Juni 1997

Mwanangu Karwirwa,

Pole. Sijui kama una nguvu za kupokea salamu zangu.

Nilikwenda hospitali Embu, nikakunja mkono wa shati. Daktari akasema yale yale uliyoandika, na sikuwa nimekutaja. "Una mtoto?" akaniuliza. Nikasema ninaye. Kesho yake nikaja Meru nimwambie mama yako kwa mdomo wangu. Kitandani pake alilala mtu mwingine. Muuguzi akasema mmeshamzika.

Nilifika hadi mlangoni kwenu. Nikakusikia ukiongea na wageni, sauti kama ya marehemu dada yangu kabisa. Nikarudi stendi. Sikujua ningejiita nani.

Baba yako

Meru, 8 Julai 1997

Baba,

Nimepoa kidogo. Wewe je, mkono unauma na baridi hii?

Mama alisubiri barua hadi siku ya mwisho. Kila posta ilipofunguliwa alinituma. Siwezi kusema nimekusamehe, nitakuwa nadanganya tena. Lakini ukifika tena mlangoni, piga hodi.

Mwanao,
Karwirwa