Debe la Mama Paskasi

Babati,
Jumapili, 16 Septemba 1984

Ndugu yangu Paskasi,

Nakusalimu kutoka huku nyumbani, nikitumaini kwamba wewe na shemeji hamjambo hapo Dodoma, na kwamba kifua cha mtoto kimepata nafuu. Sisi tu wazima, ila sukari tunaisikia redioni tu. Barua yako ilinifikia Jumatatu. Umeandika kwamba unatafuta mtu wa kununua baiskeli yako ili mama apelekwe kwa daktari wa macho. Kwa sababu hiyo najibu haraka, na nakuomba uisome barua yote kabla hujanitukana.

Unajua tangu mwaka jana nasimamia wachambuaji wa maharage pale ghalani Maisaka. Ni wanawake kumi, na mama yako alikuwa mmoja wao. Nilipoanza, kazi ilikuwa imelala. Walikuja saa nne, saa saba wameshakwenda mashambani kwao, na sikuwalaumu sana, maana mshahara ungewanunulia nini wakati maduka ni matupu? Wakubwa wakaniambia magunia yasipoongezeka nitarudi kijijini kushika jembe. Mwezi wa saba wakanipa katoni moja ya sabuni ya kufulia. Nikaweka sheria: kila Jumamosi nachota sinia moja kutoka debe la kila mtu. Madebe yote kumi yakiwa safi, kila mmoja anapata nusu mche. Likionekana jiwe katika debe moja tu, wote wanakosa.

Paskasi, sijawahi kuona watu wakibadilika namna ile. Walifika jua halijapanda. Magunia manane kwa siku yakawa kumi na tisa. Nyimbo zao zilikoma. Mwenzao Hilaria alipofiwa na mtoto hakuna aliyekwenda kuzika, maana ilikuwa Ijumaa na madebe yalikuwa hayajajaa. Wakubwa walinipigia makofi mkutanoni, na nilifurahi, sikufichi.

Jumamosi mbili walipata sabuni. Ya tatu, jiwe likaonekana katika debe la mama yako. Ya nne vilevile, na ya tano. Wenzake wakaacha kuitikia salamu yake. Walimwondoa dirishani wakamkalisha kwenye kona ya giza, wakisema kipofu hana haja ya mwanga. Romana, msichana wa juzi tu, alimwita nuksi mbele yangu. Jumamosi ya sita walimchanganyia kokoto kwenye makande yake, wakamwambia mawe asiyoyaona kwa macho atayaona kwa meno. Jino la mbele likavunjika. Walicheka, na hakuna aliyemletea maji. Mimi nilikuwa mlangoni na daftari langu.

Alinifuata na kanga yake ina damu, akaniomba radhi. Alisema amewakosesha watoto wa watu sabuni, macho yake yamekufa, nitafute mtu mwingine. Aliniita mwanangu, kama alivyoniita miaka ile minne ya shule nilipokuwa nakula kwenu Nakwa. Tangu siku hiyo yuko nyumbani. Hachambui hata mboga, anaogopa kumlisha mtu mawe, na nimeambiwa anatembea akipapasa ukuta.

Sasa sikia, ndugu yangu. Sabuni iliisha Jumamosi ya pili. Niliomba nyingine nikajibiwa haipo. Ningewaambia imekwisha, wangerudi kuja saa nne, na mimi ningerudi kwenye jembe. Kwa hiyo kila Jumamosi, walipotoka kunawa mikono, nilidondosha jiwe moja katika debe. Nilichagua la mama yako kwa kuwa ni mzee na wangeamini upesi. Pia nilijua kwamba hata akigundua, yeye asingenichukia.

Basi usiuze baiskeli. Macho ya mama yako ni mazima kuliko yangu. Mwambie wewe, maana mimi nimefika mlangoni kwake mara mbili nikashindwa kupiga hodi.

Ghalani kazi inaendelea vizuri, bado wanafika alfajiri. Jana jiwe lilionekana katika debe la Hilaria.

Shemeji mpe salamu zangu, na mtoto mshike kichwa kwa niaba yangu.

Ni mimi niliyekula kwenu,
Egidius