Uzi wa Asmini Niliouacha Wazi

Umbu langu Bi Esha,

Salamu zangu zikufikie huko Pate, wewe na Bwana Athmani, kama ataziruhusu ziingie nyumbani mwake. Mimi ni mzima. Nguvu ninazo kuwashinda vijana wa mtaani. Jana nimebeba gunia la mkaa toka gatini hadi nyumbani na ndiani sikulitua. Nakwambia hivi usije ukadhani naandika kwa kuwa naumwa. Siumwi. Kuna neno limenikaa kooni, halipandi halishuki.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi zile za Kiarabu za chuoni. Wajua mwalimu alivyonichapa, na bado mkono wangu waandika kama kaa atembeavyo. Karani Salimu wa forodhani alitaka kuniandikia, nikamkataa. Na sikuitia gundi. Mwenye mashua na aisome, watu wa bandari ya Mtangawanda wakiipokea na waisome, na Bwana Athmani na aisome kabla yako. Lako nililitoa mbele za watu, basi na langu nalo lipite mbele za watu.

Wakumbuka Alhamisi zetu? Baada ya sala ya alasiri natoka Mkomani naja kwako Langoni, na watu barazani wasema, tazama Bwana Kombo ampendavyo umbu lake. Nikukute umekaa ndani karibu na kisima, sinia la asmini mapajani, watunga vikuba vya kujipamba. Ulisema mstari wa shairi kwa sauti ndogo, nami niuseme nyuma yako. Nikiupata, ulichoma ua moja uzini. Nikikosea, ulilichomoa ukalitupa.

"Tena, kaka. Na usiongeze lako."

Nami kila mara nilitaka kuongeza langu.

Ulizaliwa Mkomani ukaolewa Langoni, na mitaa hii miwili ya Amu ikikutana arusini haina maamkizi ila mashairi ya vijembe. Mke wa Langoni kuwatungia Mkomani ni sawa na kumpikia adui jikoni mwa mumeo. Ulilijua hilo kuliko mimi. Lakini maneno yalikujia na ulikuwa huwezi kuyazuia, na kuandika hukutaka, karatasi huokotwa. Ukanichagua mimi. Ulinambia, "Kichwa chako ni sanduku, kaka. Mdomo wako tu ndio siuamini." Tukacheka. Nikaapa.

Na kichwa changu kweli ni sanduku, hilo hata wa Langoni hawalikatai. Mstari nikishautia haupotei. Nikitoka kwako nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Bakari, mkuu wa waimbaji wetu, nikamwaga wote kama ulivyonipa. Akiniuliza mtunzi ni nani, nilishika ndevu nikasema, "Mungu ndiye ajuaye." Wakadhani ni mimi. Esha, niliwaacha wadhani. Nilitembea na sifa yako mtaani kama mtu aliyevaa joho la kuazima, na sikukwambia hata siku moja.

Kisha ikaja ile arusi ya ngoma. Bwana Athmani, mkuu wa ngoma za Langoni, aliiweka ngoma yake kubwa karibu na moto ikazwe ngozi, akaiacha mno kwa majivuno, na pigo la kwanza mbele ya wageni ikapasuka. Alhamisi yake nilikukuta umeziba mdomo kwa leso, machozi yakutoka kwa kicheko. "Wallahi mume wangu nampenda, kaka, lakini hili siwezi kulala nalo." Ukanipa:

*Mlikuja kwa kishindo, ngoma mwaitia moto,*
*ikapasuka kwa pindo, ikalia ja mtoto.*

Nti nzima iliimba. Wanawake wa Langoni wenyewe waliliimba jikoni wakisonga ugali, kisha wakikumbuka hujinyamazisha. Ulinambia Bwana Athmani alikuja nyumbani akasema akimpata mtunzi atamlisha ile ngozi, nawe ukamjibu, "Mtilie na chumvi." Tulicheka mpaka paka akakimbia.

Sasa nije kwenye neno lenyewe.

Karani Salimu, huyu aliyesoma kwa Mngereza, mwenye redio ya betri kubwa kama tofali, jioni hukaa nasi barazani na kutugawia Kiingereza kidogo kidogo. Siku moja akatupa neno: konfaidi. Akasema maana yake ni kumpa siri yako mtu umwaminiye, na kwamba Wazungu wana kitenzi kizima kwa kazi hiyo tu. Nikalipenda lile neno. Nikalitumia kila mahali. Nikimwambia muuza samaki nataka tewa mnono, namwambia namkonfaidi. Salimu akanirudi, "Si hivyo, Bwana Kombo. Konfaidi si kuomba samaki. Ni mpaka kuwe na kuaminiana."

Nilipolielewa, moyo wangu uliruka. Ndipo nikajua jina la kile tulichokuwa tukifanya, mimi na wewe, karibu na kisima. Nikaona nina kitu ambacho barazani hakuna mwenzangu anacho, na Kiingereza chake ninacho. Kwa mtu kama mimi hiyo ni hatari kubwa, na hukuwapo kunivuta kanzu.

Jioni ile alikuwapo Feruzi, muuza halua wa Langoni, amekuja kunywa kahawa yetu na kututia uchungu. Karani akasema shairi la ngoma bila shaka limetungwa na mtu wa Shela, kijiji cha jirani.

"Shela?" nikasema. "Shela wanajua kuparua samaki. Mtunzi mimi namjua. Mimi nimekonfaidiwa!"

"Umefanywa nini?" akauliza Feruzi. "Ni sindano hiyo? Na uliivua kanzu?"

Watu wakacheka. Karani akawaeleza kwamba maana yake mtunzi amemwamini Bwana Kombo akampa siri. Feruzi akaweka kikombe.

"Wewe? Ukipiga chafya hapa, Shela wanakwambia yarhamukallah. Mkeo hakwambii hata atapika nini, usije ukamwambia muadhini akatangaza. Nani mwenye akili atakuamini wewe?"

Wakacheka zaidi, na Mzee Bakari naye akacheka, wa mtaa wangu mwenyewe. Hapo niliungua, Esha. Nikasimama. Nikasema, "Yuko! Yuko mmoja, aniamini tangu nilipokuwa nikimbeba mgongoni!"

Kicheko kikakatika. Feruzi akanitazama, kisha akatazama upande wa Langoni. Watu wote wa Amu wajua nimembeba nani mgongoni. Tangu mama alipofariki walituona, mimi mbele na wewe nyuma umenishika shingo, tukienda kuchota maji. Feruzi aliondoka na kahawa yake hakuimaliza.

Kabla ya sala ya isha Langoni nzima ilijua. Wenzake Bwana Athmani walimwambia adui alala kitandani mwake, wakamvua ukuu wa ngoma. Yeye hakukupiga, hakukupa talaka, na kwa hilo namheshimu ingawa hatusalimiani. Aliona haya tu. Akasema mwahamia shamba la babake, Pate.

Siku mliyoondoka mlipita mbele ya daka la nyumba yangu. Wewe na buibui lako, mizigo mbele. Nilisimama mlangoni. Ukasita, ukasema, "Kaka, sikumpa mtu mwingine."

Nami nilikujibu nini? Nilikujibu, "Jina sikulitaja."

Ni kweli jina sikulitaja. Nimeyasema hayo kwa mke wangu, kwa imamu, kwa Mzee Bakari, na kwa karani, ambaye aliniuliza kama nataka atafute neno la Kiingereza la mtu kama mimi. Nimeyasema kifua mbele. Lakini usiku huu wa barua nimeyaandika na nikayatazama kwa mato yangu, na naona ni maneno ya mwizi asemaye mlango ulikuwa wazi. Ulinipa kitu kimoja nikishike. Nilikitoa, si kwa hasira wala kwa kutishwa. Nilikitoa ili Feruzi wa halua anione mtu.

Nisamehe. Neno hilo sijapata kumwambia mtu yeyote, muulize mke wangu.

Watokao Pate nawauliza habari zako. Wasema hutungi tena. Wasema mbele ya nyumba yako upo mti wa asmini, na maua yake yaanguka chini hayaokotwi. Hilo laniuma kuliko lolote.

Sasa sikiliza, na hili nalo nalisema wazi. Alhamisi ya mwisho ulianza kunipa shairi jingine. Halikuwa la vijembe. Lilikuwa la mama, la kule kisimani tulikochota maji. Ulifika mstari wa mwisho ukasema, "Huu haujakaa sawa, nitakupa Alhamisi ijayo." Alhamisi hiyo haikufika.

Juzi Mzee Bakari alikuja na waimbaji. Kuna arusi kubwa, na wanajua nilikuwa na kitu chako. "Tupe, Bwana Kombo. Siri imeshatoka, waogopa nini?" Wakanisifu, wakanikalisha juu ya mkeka mpya, wakanimiminia kahawa. Na wewe wajua nikisifiwa ninavyokuwa.

Nikawaambia nimesahau.

"Wewe? Usahau wewe?"

"Nimesahau. Kichwa kimechoka."

Sasa barazani wasema Bwana Kombo amezeeka, sanduku limeingia mchwa. Feruzi aniuliza kila jioni kama nalikumbuka jina langu. Nanyamaza, Esha. Nanywa kahawa na kunyamaza, na wewe peke yako wajua gharama yake. Kama wa Mkomani wataisoma barua hii wakajua sikusahau, basi wajue na hili pia, kwamba siwapi.

Kila alfajiri nikitoka msikitini nafunga mlango, nakaa na sinia la asmini, mwanamume mzima na ndevu zangu, nachoma ua kwa kila mstari kama ulivyokuwa ukifanya. Nikikosea nalichomoa. Sijaongeza langu hata neno moja. Nikifika mwisho sifungi fundo. Uzi nauacha wazi, na pahali pa ua moja.

Sikuombi unipe mstari huo. Sina haki ya kupewa tena. Umpe Bwana Athmani, umpe kisima, umpe umtakaye. Ila utunge. Na ukitaka hii mingine niliyo nayo, tuma mtu aniite, nitakuja kukurudishia yote kinywani kwako, kisha nirudi kwangu.

Mungu akuweke, na mikono yako isikose maua.

Ni mimi, kaka yako wa tumbo moja, aliyekubeba.